Mlango wa Mbio za Magari Uko Gereji

Miraa haingoji mtu. Tangu inapochumwa katika mashamba ya Igembe, ina takriban siku mbili tu kabla haijanyauka na kupoteza bei. Ndiyo maana pikapu zinazoibeba kutoka Maua hupita Meru, Chuka na Embu kuelekea Nairobi kwa mwendo ambao kila mkazi wa kando ya barabara hiyo anaujua. Muguka, aina ya miraa ya Mbeere, kule Embu, nao una haraka yake. Biashara hii imezaa madereva wepesi wa mikono na, nyuma yao, mafundi wanaoweza kubadilisha breki, kukaza springi na kulirudisha gari barabarani kabla jua halijatua. Lakini kijana wa huku anayependa kasi hana pa kuupimia uwezo wake ila barabara ya umma, mbele ya watoto wa shule na mama wauza ndizi. Njia halali ipo, nayo ni michezo ya magari ya ridhaa. Mlango wake ni gereji, wala si mfuko mnene, na Meru na Embu zina sababu nyingi za kuufungua.

Ushahidi wa kwanza ni maisha ya Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, katika familia iliyohamia kutoka Punjab, na kabla ya kuwa dereva wa mashindano alikuwa fundi makanika. Alifanya kazi ya doria katika chama cha wenye magari, akizunguka kuwasaidia madereva waliokwama njiani. Aliingia mashindano ya magari ya Safari Rally kwa mara ya kwanza mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 27, umri ambao wengi leo wangeuona umechelewa. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda wakiwa na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika na timu ya kiwanda, si gari jipya. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Hata hivyo, ushindi huo mara tatu haushangazi kama hesabu hii: katika Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19. Mwaka 1963 na mwaka 1968, magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na miaka yote miwili lake lilikuwamo. Mtu hamalizi mashindano ya namna hiyo kwa kukanyaga mafuta tu. Humaliza kwa sababu anaisikia bearingi inayoanza kulia, anajua ni lini ailegeze injini, na akiharibikiwa anaweza kushuka na kutengeneza mwenyewe.

Atakayesema hayo ni ya Kericho na Nairobi akumbuke kwamba Safari ilipita huku pia. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameanza. Mzunguko wa Mlima Kenya, kupitia Embu, Meru na Nanyuki, ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoogopwa, kwa kuwa udongo wa miteremko ile ukilowa huteleza kama sabuni. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru aliingia na Subaru Vivio, kigari chenye injini ya sentimita za ujazo zisizofika 700, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa. Mwenzake katika timu, Mskoti Colin McRae, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, alikwenda kwa kasi ya kutisha akiwa na gari la aina ileile, lakini hakufika mwisho. Njiru alifika, akawa wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Barabara ilikuwa moja na magari yalikuwa ya aina moja. Aliyelitunza gari ndiye aliyevuna.

Kwa hiyo anayetaka kuanza aanze na gari la kawaida, saluni kuukuu inayoendeshwa na magurudumu mawili tu kati ya manne, na alijenge upya. Kazi ya kwanza ni kulivua: viti, zulia, dari na kila kisichohitajika hutolewa ili gari liwe jepesi na fundi aone kutu ilipojificha. Kisha huja fremu ya mabomba ya chuma inayomzunguka dereva ndani ya gari, ili likipinduka paa lisibonyee. Kanuni za shirikisho la kimataifa, FIA, zinataka bomba kuu liwe la chuma kisicho na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 2. Bomba la maji au la geti halifai, kwa kuwa hupasuka pale linapotakiwa kupinda. Fremu ikichomelewa vizuri hulikaza bodi lote, gari likatii usukani zaidi. Hufuata kiti kinachomshika dereva mbavuni, mikanda ya mabegani, kizimamoto, swichi ya kukata umeme na bamba la chuma chini ya injini. Shokomzoba na breki hushughulikiwa kabla ya mtu kuwaza turbo, maana nguvu isiyozuilika ni hatari. Kazi zote hizi, kuanzia kuchomelea hadi kukereza vyuma, zinafanywa tayari katika gereji za jua kali za Meru na Embu. Mafundi wanachohitaji ni vipimo, chuma sahihi na mkaguzi wa kuwaambia hapana pale panapostahili.

Gari peke yake halitoshi. Sharti awepo mwalimu. Dereva hufundishwa kupunguza mwendo kabla ya kona, wala si ndani yake, kwa sababu ukikanyaga breki katikati ya kona uzito hukimbilia mbele, magurudumu ya nyuma yakapoteza mshiko. Hufundishwa kutazama anakotaka kutokea, si shimo analoliogopa, maana mikono hufuata macho. Katika rali hujifunza pia kumsikiliza mwelekezi anayemsomea barabara kutoka daftarini, na hiyo ni shule ya unyenyekevu. Matunda ya malezi ya aina hii yameonekana. Baada ya Safari kurudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, vijana Wakenya McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremy Wahome waliendesha Ford Fiesta Rally3 chini ya programu ya vijana ya FIA, na Februari 2022 Kimathi alishindana juu ya theluji ya Uswidi. Mwaka huohuo Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3 katika Safari, akiwashinda wanaume.

Wapo watakaopinga, na hofu yao ni ya haki. Barabara ya kutoka Meru kwenda Embu inapita daraja la Nithi, ambako Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni na kuua watu zaidi ya 30. Nchini kote ajali za barabarani huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Mzazi aliyezika mwana atauliza kwa nini tuwafunze vijana kwenda kasi zaidi. Jibu ni kwamba kasi wanayo tayari. Wasichonacho ni mpaka. Katika autokrosi magari hukimbia kwenye kiwanja cha udongo kilichofungwa, dhidi ya saa, huku dereva amevaa helmeti, daktari yuko karibu na gari limekaguliwa. Anayejifunza pale kwamba breki zilizoshikwa mfululizo kwenye mteremko hupata moto na kukataa kazi, hushuka Nithi kwa gia ndogo. Michezo hii haitaponya barabara mbovu wala lori lililozidisha mzigo, na haiondoi kazi ya polisi. Lakini inamwonyesha kijana kikomo chake mahali ambapo kosa humgharimu muda, si roho ya mtu mwingine.

Pingamizi la pili ni la gharama, na hapa pia kuna ukweli. Kanuni za mwanzo ziliweka bei ya juu ya gari la Rally3, kama lile la kina Kimathi, kuwa takriban yuro 100,000, fedha ambazo mkulima wa kahawa wa Runyenjes hawezi kuziota. Wengine huongeza kwamba zama za Joginder zimepita, kwa kuwa magari ya leo yana kompyuta. Lakini hakuna anayelazimika kuanzia Rally3, kama vile mwanariadha haanzii Olimpiki. Kikundi cha mafundi watano wanaochangia saluni moja kuukuu, mmoja akiendesha na wengine wakiitunza, wanaweza kufika kwenye autokrosi kwa gharama ndogo zaidi mara nyingi. Kuhusu kompyuta, mashine za kusoma hitilafu zimeshaingia gereji zetu, na kijana anayejua simu hashindwi kuzijua. Isitoshe, hata asiyeshinda kikombe hubaki na ujuzi wa kuchomelea kwa vipimo, kupanga springi na kupima breki, ujuzi ambao mwenye pikapu au matatu ataulipia.

Yanayohitajika basi si makubwa. Serikali za kaunti zitenge kiwanja kimoja cha udongo kila moja, mbali na makazi, na kukifungua chini ya uangalizi wa Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya. Meru National Polytechnic na vyuo vingine vya ufundi viifanye kazi ya kujenga gari la mashindano kuwa sehemu ya mafunzo ya wanafunzi wao. Madereva waliokwishastaafu wakaribishwe kufundisha. Na wewe kijana unayeipenda kasi, iache barabara ya umma kwa wasafiri, uende gereji ukajifunze gari lako hadi nati ya mwisho, kwa maana huko ndiko Joginder Singh alikoanzia.