Masharti ya programu huria kwa wauza vifaa

Ruta ya Linksys aina ya WRT54G iliingia sokoni Desemba 2002 ikiendeshwa na mfumo wa Linux. Linux hailipiwi, lakini ina masharti. Hutolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2: mtu yeyote anaweza kuitumia, kuibadili na kuiuza ndani ya kifaa chake, ila lazima ampe mnunuzi msimbo chanzo pamoja na marekebisho yaliyofanywa, au ahadi ya maandishi ya kuutoa ukiombwa, itakayodumu miaka isiyopungua 3.

Linksys haikutimiza sharti hilo mwanzoni, na Cisco ilipoinunua mwaka 2003 ilirithi tatizo. Chipu za ruta zilikuwa za Broadcom, na zilikuja na programu zake. Hapo ndipo wauza vifaa wengi hunaswa. Kampuni huagiza chipu na programu kutoka nje, hubandika nembo yake, huuza. Leseni haijali nani aliandika. Humbana kila anayesambaza.

Baada ya shinikizo, msimbo ulitolewa mwaka huohuo. Wajuzi wakauchambua, na mwaka 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt, uliozipa ruta hizo za bei nafuu kazi ambazo mtengenezaji hakuziweka. Baadaye toleo la 5 la WRT54G lilipunguziwa kumbukumbu na kuhamishiwa mfumo wa VxWorks, lakini Linksys ikatoa WRT54GL, yenye Linux, kwa ajili ya wateja waliotaka kuibadili, nayo ikauzwa kwa miaka mingi. Sharti lililoonekana mzigo likawa linaleta wateja.

Anayekaidi hupelekwa mahakamani kwa kuvunja hakimiliki. Mwaka 2010 mahakama ya New York iliiamuru Westinghouse Digital, iliyouza televisheni zenye programu ya BusyBox kinyume cha leseni, ilipe fidia ya dola 90,000 na kukabidhi televisheni husika.

Leseni za MIT na BSD ni nyepesi zaidi: kimsingi hudai tangazo la hakimiliki lihifadhiwe. Ndiyo maana Sony iliweza kujenga mfumo wa PlayStation 4 juu ya FreeBSD bila kulazimika kufichua mabadiliko yake. GPL toleo la 3, la mwaka 2007, ni kali kuliko zote hizo. Kampuni ya TiVo ilitoa msimbo wa vinasa televisheni vyake, lakini vinasa hivyo vilikataa kuendesha msimbo uliobadilishwa. Ili kuzuia hilo, toleo la 3 likawataka watengenezaji wa vifaa vya nyumbani watoe pia maelezo na funguo za kuuweka. Kiini cha Linux kimebaki kwenye toleo la 2.