Kutu Nyeusi na Kutu Nyekundu: Sababu za Kubadilika kwa Buluu ya Bastola za Zamani

Mtu wa Bariadi akionyeshwa rivolva ya zamani, yaani bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda izungukayo, kisha akaulizwa rangi yake, aghalabu atajibu kwamba ni nyeusi. Mwingereza huiita buluu. Kiswahili kina mashina matatu tu ya sifa yaliyo ya rangi hasa, nayo ni -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine zote hutajwa kwa majina ya vitu au kwa maneno ya kukopa, kama samawati kutoka Kiarabu na buluu kutoka Kiingereza. Wako waliouhesabu uchache huo kuwa upungufu wa lugha. Lakini katika jambo hili yule asemaye nyeusi ndiye aliye karibu zaidi na ukweli wa kemia.

Buluu ya bastola si rangi iliyopakwa. Ni kutu. Chuma kikiungana na oksijeni huweza kutoa kutu za namna mbalimbali, na mbili kati yake ndizo zihusuzo habari hii. Kutu nyekundu, ambayo kila mkulima wa Simiyu huiona juu ya jembe lililosahauliwa shambani, ni ya ungaunga. Huvimba, hubanduka, na hunyonya maji. Kutu nyeusi, iitwayo magnetiti, hushikamana na chuma na kukifunika. Utando wake ni mwembamba mno, haufikii hata sehemu moja ya mia ya milimita. Chuma kilicho chini yake kikiwa kimesuguliwa mpaka kung'aa, mwanga hurudi na wekundu wake umepungua, na weusi ule huonekana wenye ubuluu.

Ajabu ni kwamba mafundi wa zamani waliipata kutu nyeusi kwa kuizaa kwanza ile nyekundu. Chuma kilipakwa dawa yenye asidi, kikaachwa kishike kutu, kisha kikachemshwa katika maji safi, na wekundu ukageuka weusi. Ungaunga uliosalia ulisuguliwa kwa brashi, na kazi ikarudiwa mara nyingi. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1930, viwanda vingi vilifuata njia ya haraka: kukitumbukiza chuma katika maji ya moto yenye sodi kali na chumvi za naitreti, yaliyopita joto la digrii 130. Sehemu ndogondogo, kama skrubu, ziliweza kutiwa buluu kwa moto mtupu. Hiyo mhunzi ye yote huijua: feleji ikipashwa hugeuka rangi ya majani makavu, halafu zambarau, na karibu na digrii 300 huwa buluu. Buluu ya namna hii ni nzuri kuliko zote, na ndiyo itokayo upesi kuliko zote.

Kwa nini basi hubadilika? Kwanza, utando una vitundu visivyoonekana kwa macho. Mafuta yakikauka, unyevu hupenya humo, na kutu nyekundu huchipuka katikati ya nyeusi. Mchanganyiko wa hizo mbili ndio ule udhurungi uonekanao mgongoni mwa mpini, mahali ambapo jasho la kiganja, lenye chumvi, limeshika kwa miaka mingi. Mdomo wa mtutu hauwi hivyo. Wenyewe huwa mweupe, kwa kuwa umekwanguliwa na ala kila ulipotolewa. Ala yenyewe, kwa dawa zilizotumika kuilainisha ngozi, huuma chuma kilicholazwa ndani yake. Hata kitambaa cha pamba, ambayo ndiyo fahari ya Bariadi, kikiwa hakina mafuta hushika unyevu wa miezi ya mvua na kuuweka pale pale juu ya chuma.

Zambarau ina sababu nyingine. Feleji yenye nikeli au silikoni nyingi haiipokei dawa sawasawa, na joto la maji likikosewa matokeo ni hayo hayo. Baada ya miaka silinda huweza kuwa zambarau na mtutu ukabaki mweusi, ingawa vilitoka kiwanda kimoja siku moja. Huo si uharibifu.

Uharibifu huanza pale mtu anapoona udhurungi akadhani ni uchafu, akauparuza kwa mchanga au majivu kama asuguavyo sufuria. Kutu zote mbili huondoka pamoja, chuma hubaki uchi, na mvua za kwanza hukirudishia wekundu mtupu. Pamoja nazo hufifia mihuri ya kiwanda na namba; na silaha isiyosomeka namba yake humtia mwenye nayo mashakani mbele ya polisi. Yatosha kuifuta kwa mafuta mepesi, baada ya kuhakikisha kwamba haina risasi, na kuiweka nje ya ala mahali pakavu. Pale wekundu ulipokwisha kuenea, watunzaji wa vitu vya kale huweza kukichemsha chuma katika maji yaliyokenekwa, na kutu nyekundu ikageuka nyeusi papo hapo ilipo, kama ilivyokuwa kiwandani.