Wavu wa Nyama Choma: Usafi Usiomdhuru Mlaji

Nyama choma huuzwa kila jioni katika miji na vituo vya mabasi vya Tanzania na Kenya. Mlaji hutazama kama nyama imeiva. Ni nadra autazame wavu ulioibeba. Hata hivyo, namna wavu huo unavyosafishwa yaweza kuamua kama mlaji atarudi nyumbani salama au atafikishwa kwenye chumba cha upasuaji.

Chanzo cha hatari hiyo ni brashi ya waya inayotumika kukwangua masizi. Kadiri brashi inavyochakaa, ndivyo nyuzi zake zinavyolegea na kung’oka. Uzi mmoja mwembamba hunasa kwenye wavu, ukashikana na nyama inayofuata, na mlaji akaumeza bila kujua. Nyuzi za stili waya, ile ya kusugulia masufuria, nazo hukatika na kubaki.

Mwaka 2012, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilitoa taarifa ya wagonjwa sita waliotibiwa Providence, jimbo la Rhode Island, kati ya Machi 2011 na Juni 2012. Wote walikuwa wamemeza nyuzi za brashi ya namna hiyo. Baadhi yao walichomwa kooni. Wengine walitobolewa utumbo na kuhitaji upasuaji wa dharura. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa zaidi ya watu 1,600 walifika katika vitengo vya dharura nchini humo kwa majeraha haya kati ya mwaka 2002 na 2014.

Kuuivisha wavu

Wavu ulioandaliwa vyema hauhitaji brashi ya waya. Mafuta ya kupikia yakipakwa kwa utando mwembamba juu ya chuma na kupashwa moto mkali, hubadilika na kuwa tabaka gumu, laini na jeusi. Tabaka hilo huzuia kutu na kupunguza nyama kung’ang’ania.

Wavu mpya wa chuma huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, ukakaushwa kabisa, kisha ukapakwa mafuta kwa kitambaa. Mafuta yanayochuruzika yafutwe, kwani yakizidi huacha utandu unaonata. Baada ya hapo wavu huwekwa juu ya makaa hadi moshi wa mafuta uishe. Kazi hii hurudiwa mara mbili au tatu, mahali penye hewa ya kutosha.

Wavu uliotolewa kwenye jokofu kuukuu usitumike kuchomea. Baadhi ya nyavu hizo zilipakwa kadimiamu, metali yenye sumu inayoweza kutoka kwa joto na kuingia katika chakula na hewa.

Baada ya kila uchomaji

Nyama ikishatolewa, wavu uachwe juu ya makaa kwa dakika 10 hadi 15 ili mabaki yakauke na kuwa majivu. Kisha yakwanguliwe kwa kipande cha ubao mgumu. Wavu ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu kilichoshikwa kwa koleo, si kwa mkono, maana mvuke huunguza. Mwisho upakwe mafuta kidogo na kuhifadhiwa pakavu.

Weusi si uchafu daima. Tabaka la mafuta yaliyoiva halitoki kwenye kitambaa, masizi hutoka. Masizi hayo yaondolewe, kwa kuwa nyama na mafuta vikiungua huzalisha kemikali ambazo baadhi yake zinahusishwa na saratani. Kabla ya kuchoma tena, wavu ufutwe kwa kitambaa cheupe chenye unyevu na kukaguliwa kwenye mwanga.

Kwa mgonjwa na mhudumu wa afya

Anayehisi kuchomwa kooni au maumivu wakati wa kumeza baada ya kula nyama choma asimeze tonge la ugali wala ndizi ili “kusukuma” kitu hicho. Tonge laweza kukizamisha zaidi. Aende kituo cha afya mapema, na aeleze alichokula.

Mhudumu anayempokea mgonjwa mwenye maumivu hayo, au maumivu ya tumbo yasiyo na sababu ya wazi, aulize kuhusu nyama choma ya siku zilizopita. Bila swali hilo, maumivu ya tumbo ni rahisi kudhaniwa kuwa vidonda vya tumbo. Eksirei huweza kuonyesha uzi wa chuma, lakini isipouonyesha, shaka isifutwe. CT husaidia zaidi. MRI isifanywe panaposhukiwa metali, kwa kuwa sumaku yake huweza kuusogeza uzi na kuongeza jeraha. Homa, tumbo gumu au kutapika damu ni dalili za kumpa mgonjwa rufaa bila kuchelewa.

Muuza nyama naye anahusika. Ubao, kitambaa na mafuta kidogo havimgharimu mengi, na vinamwezesha kuitupa brashi ya waya leo hii.