Kampuni ikikosolewa hadharani ijibu vipi? Somo kutoka Nyamongo

HAKUNA kampuni isiyo na siku yake ya kukosolewa hadharani, iwe na Serikali, wananchi au washindani wake kibiashara. Kinachoipandisha au kuiangusha ni jibu lake.

Mfano ulio karibu ni Mgodi wa Dhahabu wa North Mara, ulioko Nyamongo wilayani Tarime, karibu na Mto Mara unaopita pia Wilaya ya Serengeti.

Mei 2009, maji ya mgodi huo yalivuja na kuingia Mto Tigithe. Kampuni ya Barrick ilieleza kuwa chanzo kilikuwa wizi wa plastiki zilizotandikwa kwenye mtaro. Maelezo hayo yalijibu swali la nani alaumiwe. Swali la mwananchi lilikuwa jingine: je, maji haya yanafaa kunywewa na watu na mifugo?

Swali la aina hiyo hujibiwa kwa vipimo. Navyo huaminika vinapochukuliwa na mtaalamu asiye na masilahi, wanakijiji wakishuhudia, na matokeo kusomwa katika mkutano wa kijiji.

Mwaka 2011 ilionekana njia tofauti. Mwezi huohuo wa Mei ambao polisi waliwaua kwa risasi watu wasiopungua watano mgodini hapo, African Barrick Gold ilitangaza yenyewe kuwa imepokea tuhuma za udhalilishaji wa kijinsia dhidi ya askari polisi na walinzi wake.

Hata hivyo, tangazo pekee halitoshi. Mwaka 2013 baadhi ya waathirika na familia zao walifungua kesi London kuhusu mauaji na majeruhi mgodini, nayo ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 2015.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 2017, kamati za Rais John Magufuli zilipodai kuwa thamani ya makinikia ilipunguzwa. Acacia, jina jipya la kampuni hiyo, ilikanusha kwa taarifa baada ya taarifa. Mambo yalianza kusogea Juni, pale Mwenyekiti wa Barrick, John Thornton, alipokutana na Rais Ikulu.

Mwaka 2019 Barrick iliichukua Acacia yote, ikaundwa Kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina hisa asilimia 16.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, kampuni ijibu hoja, si mtoa hoja. Hata mshindani mwenye nia mbaya anaweza kusema kweli. Pili, azungumze mwenye mamlaka ya kuamua. Tatu, kila kanusho liambatane na ushahidi ambao mtu wa nje anaweza kuukagua.

Aidha, penye kosa ni heri kulisema mapema pamoja na hatua za kulirekebisha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.