Mtoto Anapokataa Uji wa Asubuhi

Kipindi cha Afya na Familia
Maandishi ya kipindi kwa wasikilizaji na vikundi vya akina mama kambini

(MUZIKI UNAINGIA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Salamu kwenu mlio Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, Kakuma nchini Kenya, na kila mahali mnapotusikiliza. Salamu pia kwa ninyi mnaosomeana maandishi haya kwenye vikundi.

Leo tunazungumza juu ya mtoto wa miezi saba, nane au kumi anayekataa uji wa asubuhi. Mama, umewasha moto kukiwa bado na giza. Umetumia kuni ambazo hujui kesho utazipata wapi. Umepika uji kwa unga wa mgao, ule ule unaogawana na nyumba nzima. Kisha mtoto anafunga mdomo, anageuza kichwa, anapiga kijiko, uji unamwagika. Na foleni ya maji inakusubiri.

Jirani anasema mtoto ni mkaidi. Bibi anasema mshike, mnyweshe. Kabla ya kufanya lolote, tusikilizane kidogo. Mara nyingi mtoto huyo si mkaidi na wala si mgonjwa. Ana sababu yake, na ukiijua utajua la kufanya. Mara nyingine ni ugonjwa unaanza, na huo hauwezi kungoja. Tutaanza na sababu za kawaida, kisha tutafika kwenye ugonjwa.

SABABU YA KWANZA: ALIKULA USIKU

Mtoto anayelala na mama yake hunyonya usiku, wengine mara tatu au nne. Akiamka alfajiri ananyonya tena. Ukimletea uji dakika kumi baadaye, tumbo lake bado lina maziwa. Wewe unaona hajala kitu tangu jana jioni. Yeye ametoka kula sasa hivi.

Usiache kumnyonyesha ili apate njaa ya uji. Maziwa ya mama bado ni chakula chake kikuu katika miezi hii, na wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonye mpaka afike miaka 2 au zaidi. Badilisha saa tu. Akinyonya saa 12 asubuhi, mpe uji saa 2 au saa 3. Utashangaa kuona mtoto aliyefunga mdomo alfajiri akikifuata kijiko mwenyewe.

Najua mtasema: kuni za kuwasha moto mara mbili zitoke wapi? Ni kweli. Usiwashe moto mara mbili. Kama nyumba yenu hupika uji wa wote alfajiri, toa wa mtoto ukiwa bado wa moto sana, uweke kwenye chombo safi chenye kifuniko, umpe ndani ya saa mbili. Usivuke hapo, kwa sababu uji ukipoa polepole vijidudu huzaliana haraka, nao ndio huleta kuhara. Kwa sababu hiyo hiyo usimpe mtoto mchanga uji uliolala kwenye chupa ya chai tangu jana, hata kama bado una joto. Na kama moto wenu wa kwanza ni wa saa 4, basi uji wake uwe wa saa 4. Mtoto hana habari na neno “kifungua kinywa”. Anachohitaji ni hesabu ya siku nzima.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya anahitaji milo 2 hadi 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, milo 3 hadi 4, pamoja na kitu kidogo cha katikati kama nusu ya ndizi mbivu au kipande cha parachichi. Kwa kiasi, mwanzoni vijiko vikubwa 2 au 3 vinatosha. Ongeza taratibu mpaka nusu ya kikombe cha mililita 250 kwa kila mlo. Akikataa asubuhi lakini akala vizuri mchana na jioni, hesabu yake imetimia.

SABABU YA PILI: UJI NI MAJI

Tumbo la mtoto wa miezi minane huchukua takriban mililita 200 kwa mara moja. Hiyo haifiki kikombe kimoja. Ukilijaza uji mwepesi, umelijaza maji. Atashiba upesi, ataacha, na saa moja baadaye atalia njaa.

Wengi wetu hupika uji mwepesi ili unga ufike mwisho wa mwezi, au ili mtoto aunywe haraka. Kwa watu wazima ni sawa. Kwa mtoto wa umri huu ni hasara. Pima hivi: chota uji kwa kijiko, kisha kiinamishe kidogo. Ukimwagika wote mara moja kama chai, ni mwepesi mno. Ukikaa juu ya kijiko na kuanguka polepole, huo ndio.

Kisha uongezee nguvu. Kijiko kimoja kidogo cha mafuta ya kupikia ndani ya bakuli lake kinaongeza nguvu bila kuongeza ujazo, na pia kinalainisha. Karanga zilizokaangwa na kusagwa mpaka zikawa laini kabisa zinafaa, lakini karanga nzima usimpe kamwe kwa sababu zinaweza kumkaba. Maharage yaliyoiva sana, yaliyopondwa na kutolewa maganda, yanafaa. Na wale samaki wadogo wakavu, ambao Kigoma wanaitwa dagaa, Wakongo na Warundi mnawaita ndagala, Kenya omena na Uganda mukene, watoe vichwa, wasage wawe unga, uweke kijiko kimoja kidogo kwenye uji unapochemka. Samaki hao wana madini ya chuma. Mtoto mwenye upungufu wa damu hukosa hamu ya kula, na kadiri anavyokosa kula ndivyo damu inavyozidi kupungua.

Kama uji mzito unamshinda kumeza, liko jambo la zamani wanalolijua wapika pombe: kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uote, uanike, utoe vichipukizi, kisha usage. Ulioota ukungu utupe. Tia kijiko kidogo cha unga huo kwenye uji mzito ulioepuliwa, koroga, na baada ya dakika chache utaona umelainika bila kuongezwa maji. Urudishe motoni uchemke kidogo, basi. Mtoto atameza kwa urahisi, na nguvu yote ya unga itabaki humo.

Neno moja juu ya chai. Kuna nyumba ambapo mtoto huanza siku kwa chai ya rangi yenye sukari. Chai hujaza tumbo, sukari huua hamu ya uji, na majani ya chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye chakula. Chai na iwe ya wakubwa.

SABABU YA TATU: LADHA NI MPYA

Mtoto aliyejua maziwa peke yake miezi sita anapokutana na uji wa mahindi na soya, hukunja uso na kuutema. Kutema si lazima kuwe kukataa. Ulimi wake bado unajifunza kusukuma chakula nyuma badala ya mbele. Vyakula vingine mtoto hukubali baada ya kuonjeshwa mara nane, mara kumi, hata zaidi. Mama akijaribu mara tatu na kusema “huyu hapendi”, ameacha mapema.

Mpe kidogo, vijiko viwili tu, kila siku. Mbadilishie: leo uji, kesho kiazi kitamu kilichopondwa, keshokutwa ndizi ya kupikwa na lengalenga iliyokatwa ndogo sana. Unaweza kukamulia maziwa yako kidogo ndani ya uji ulioiva na kupoa, apate ladha anayoijua. Asali usimpe kabla ya kutimiza mwaka 1, kwani inaweza kumletea sumu hatari.

USIMLISHE KWA NGUVU

(MUZIKI KIDOGO, UNASHUKA)

Sasa sikilizeni vizuri, akina mama, akina bibi, nanyi dada na kaka mnaolea wadogo zenu.

Kuna desturi ya kumlaza mtoto mapajani, kumbana pua, na kumimina uji mdomoni kwa kiganja. Najua waliofanya hivyo walifanya kwa upendo, na watoto wengi walikua. Lakini mtoto aliyebanwa pua hufungua mdomo ili apumue. Uji unaoingia wakati anavuta pumzi au analia unaweza kwenda kwenye mapafu. Anaweza kukabwa papo hapo, au akapata homa ya mapafu baadaye. Na mtoto aliyelishwa hivyo hujifunza kuogopa kijiko. Kesho ataanza kulia akiona bakuli tu.

Mkalishe wima, akutazame. Mwite jina lake, zungumza naye. Mpe kijiko, ngoja ameze, ndipo umpe kingine. Mwache ashike chakula kwa mkono wake ulionawishwa. Akigeuza kichwa, pumzika kidogo, jaribu tena. Akikataa mara ya tatu, ondoa bakuli bila ugomvi, umnyonyeshe, na mlo ujao ujaribu tena. Tumia bakuli lake peke yake, ujue amekula kiasi gani. Tumia kikombe na kijiko. Chupa ya chuchu ni vigumu kuisafisha hapa tulipo.

Kama unatoka alfajiri kwenda kwenye maji au siku ya mgao, anayebaki na mtoto pengine ni dada yake wa miaka tisa. Usimwambie “hakikisha anamaliza”. Ukimwambia hivyo, atambana pua. Mwambie: “Nawa mikono kwa sabuni, mkalishe, mpe polepole, akikataa acha, nitakuja.”

NA WEWE BABA

Baba msikilizaji, ukiweza kuchota maji asubuhi mbili au tatu kwa wiki, mama atapata nusu saa ya kukaa na mtoto. Nusu saa hiyo mara nyingi ndiyo inayokosekana, wakati unga na mafuta vipo ndani ya nyumba.

WAKATI KUKATAA NI UGONJWA

Sasa tujue tofauti. Mtoto anayekataa uji lakini ananyonya vizuri, anacheza, anakojoa kama kawaida na uzito wake unapanda, huyo mpe muda. Hata anayeota meno anaweza kupunguza kula siku chache.

Lakini mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo akikataa chakula na pia ana homa, kwa sababu kwetu malaria haiko mbali. Mpeleke akiharisha, akipumua haraka, au akiwa na utando mweupe mdomoni ambao haufutiki na unaomfanya alie anaponyonya. Mpeleke mbio, hata usiku, ikiwa hawezi kunyonya wala kunywa kabisa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri.

Akina mama wengi mnaujua utepe wa rangi wa kupima mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono ukipima sentimita 12.5 au zaidi ni kijani. Kuanzia 11.5 mpaka kabla ya 12.5 ni njano, na chini ya 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Mwombe mhudumu wa afya ya jamii akupimie kila mwezi. Njano au nyekundu, usingoje. Na miguu yote miwili ikivimba, nenda hata kama utepe unaonyesha kijani.

Kuna pia yanayosemwa mtaani. Mtoto akikosa kula na kuharisha, wapo wanaosema ana “meno ya plastiki”, Uganda wanasema “ebinyo”, na wanayachimbua kwenye ufizi kwa chuma. Wengine humkata kimio. Vinavyochimbuliwa ni meno yake mwenyewe yanayoanza kukua. Chuma hicho kinaweza kumletea kutokwa na damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine, na ule ugonjwa uliomnyima hamu ya kula unabaki bila dawa. Wengine husema “amebemendwa”, mama akaona aibu kwenda kliniki. Mama, usione aibu. Nenda.

Mtoto akiwa mgonjwa, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mpe chakula kidogo kidogo. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki 2, arudishe alichopoteza.

TUKUMBUKE

Tumesema nini leo? Usiku huhesabiwa. Uji wa mtoto uwe mzito, wenye mafuta na dagaa. Ladha mpya huhitaji siku nyingi. Pua ya mtoto haibanwi. Homa, kuhara na kulegea hupelekwa kituoni siku hiyo hiyo.

Maswali ya kuzungumza kwenye kikundi: Usiku wa jana mtoto wako alinyonya mara ngapi? Nani humlisha wewe usipokuwepo, na umemwambia nini? Katika mtaa wenu, nani ana utepe wa kupimia?

Wapeni salamu walio nyumbani, na msaidieni jirani ambaye hana redio. Mbaki na amani.

(MUZIKI UNAPANDA, MWISHO)