Paa Lililoota Kijani: Lijue Kabla ya Kulipanda

Mvua za masika zinapokwisha katika vilima vya Kicukiro, jijini Kigali, nyumba nyingi zilizoezekwa kwa vigae huonekana zimebadilika sura. Vigae vilivyokuwa vyekundu hufunikwa na utando mweusi, na katika maungio yake huota mimea mifupi, laini na mizito kama zulia, ambayo wataalamu huiita kuvumwani. Wako wanaoiona kuwa ni pambo, wakaiacha. Wako wanaoiona kuwa ni aibu, wakakimbilia ngazi na brashi ya waya. Makundi yote mawili yanakosea. Mimea hiyo huiharibu nyumba polepole, lakini usafi wa pupa huweza kuiharibu kwa siku moja, na pengine kugharimu maisha ya mtu.

Kigali iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, nayo hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, hasa kati ya Machi na Mei, na kati ya Septemba na Desemba. Vigae vya udongo wa kuchoma, ambavyo Wanyarwanda huviita amategura, hunywa maji na kukauka taratibu. Huko Ulaya kuvumwani hupenda upande wa paa unaotazama kaskazini, ambako jua halifiki sana. Rwanda, iliyo jirani na Ikweta, jua huzifikia pande zote mbili za paa kwa zamu katika mwaka. Kwa hiyo kinacholeta tatizo Kicukiro ni kivuli cha mparachichi au mkaratusi ulioinama juu ya nyumba, pamoja na majani makavu yaliyorundikana.

Ni vema kutofautisha maadui hawa wawili. Utando mweusi ni viumbe vidogo mno, jamaa wa mwani. Hautoboi kigae, ila huchafua na kuleta utelezi. Kuvumwani ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Haina mizizi ya kweli, bali hujishikiza kwa vinyuzi, na huhifadhi maji kama sifongo. Ikistawi katika maungio huziba njia ya maji, nayo maji ya mvua hurudi chini ya kigae, yakalowesha mbao na kuishukia dari. Katika nchi za baridi maji hayo huganda na kupasua vigae. Kigali hakuna barafu. Hasara yake ni mbao zinazooza bila mtu kuziona.

Jambo la kwanza, basi, ni kulijua paa lenyewe. Baadhi ya majengo ya zamani nchini Rwanda yaliezekwa kwa asbesto, yaani mabamba ya kijivu ya saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini, na mwaka 2009 serikali iliamua mabamba hayo yaondolewe nchini. Asbesto iliyochakaa huota kijani kama vigae, na hapo ndipo penye hatari. Kuisugua, kuitoboa au kuivunja huachia nyuzi zisizoonekana kwa macho, ambazo zikivutwa hukaa mapafuni na huweza kuleta saratani baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Askari aliyehamia nyumba asiyoijua, au familia iliyopanga nyumba kuukuu, na iulize kwanza. Paa likiwa la asbesto lisiguswe kabisa. Mwenye nyumba na ofisi ya wilaya waarifiwe, ili kazi ifanywe na watu wenye mafunzo na vifaa.

Ikiwa ni vigae vya udongo, wakati ufaao ni kiangazi cha Juni hadi Agosti, mimea inapokauka na kubanduka kwa urahisi. Kazi huanza na panga wala si brashi: matawi yanayofunika paa yakatwe, jua na upepo vipite.

Kisha mrija unaopeleka maji kwenye tangi ufunguliwe. Familia nyingi hukinga maji ya mvua, na uchafu wa paa pamoja na dawa havina budi kumwagwa mbali na maji ya matumizi.

Ngazi isimamishwe imara, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kimo, na mtu wa pili aishike. Paa lenye umande au lililolowa lisipandwe. Ikilazimu kupanda, ulazwe ubao au ngazi ya pili juu ya vigae ili uzito ugawanyike, na anayepanda ajifunge kamba iliyokazwa mahali madhubuti. Mama ambaye mumewe yuko katika kulinda amani nchi za mbali asijione analazimika kupanda mwenyewe, wala asimtume mtoto. Ujira wa fundi ni mdogo kuliko gharama ya mguu uliovunjika.

Kusugua kufanywe kuanzia juu kushuka chini, kamwe si kupandisha, kwani kupandisha husukuma maji na taka chini ya vigae. Itumike brashi ngumu ya nyuzi na kijiti cha kukwangulia. Brashi ya waya hukwaruza kigae, na mikwaruzo huwa makao ya mimea mipya. Mashine ya kurusha maji kwa nguvu nayo huondoa ngozi ya kigae.

Utando mweusi uliobaki huondolewa kwa dawa ya klorini ya kufulia, kipimo 1 kwa vipimo 4 vya maji. Iachwe dakika 15 hivi, kisha isuuzwe. Mikono na macho vikingwe, bustani iloweshwe kwanza kwa maji safi, na dawa hiyo isichanganywe kamwe na tindikali wala dawa nyingine. Chumvi isitumike, kwa kuwa hulisha kutu misumari na kuua mimea ya bustani.

Wapo mafundi wanaofunga waya wa shaba kwenye mgongo wa paa, ili maji yanayopita juu yake yazuie mimea kurudi. Njia hiyo husaidia, lakini maji ya shaba hula mifereji ya bati, wala hayafai kukingwa kwa kunywa. Penye bati au tangi, iachwe.

Mwisho, vigae vilivyopasuka vibadilishwe kabla ya Septemba, na vya akiba viwe vya umbo lile lile, kwani kigae kisicholingana na wenzake hupitisha maji. Mrija wa tangi usirudishwe mpaka mvua kubwa ya kwanza iwe imelisuuza paa. Baada ya hapo, kufagia majani na kukata matawi kila mwaka kutatosha.