Kahawa Iliyogoma

Swali la kwanza la mwalimu wetu wa kahawa lilikuwa umri. Hata hatujakaa sawasawa, tumetoka kupanda ngazi nyembamba za nyumba moja ya mji mkongwe wa Hanoi, pikipiki bado zinanguruma masikioni, dada wa watu anauliza: "Mna miaka mingapi?" Baba watoto akanitazama. Nikacheka, nikataja yangu na yake. Dada akapiga hesabu, kisha akatangaza kwamba mimi nitakuwa chị, dada mkubwa, mume wangu anh, kaka mkubwa, na yeye em, mdogo wetu. Kwa Kivietinamu ni vigumu kumsemesha mtu kabla hujajua nani kamzidi mwenzake. Sisi tuliolelewa tukipima kwa jicho kama mtu ni wa "shikamoo" au wa "mambo", swali hilo halikutuudhi.

Darasa lilikuwa letu wawili tu: saa mbili, meza moja, vigoda viwili. Yapo pia ya kundi, na ni nafuu zaidi. Nililipia la faragha kwa kuwa mume wangu akiwa katikati ya wageni hunyamaza kama kinyago, na safari hii ilikuwa ya kuadhimisha miaka 14 ya ndoa.

Hapa inabidi nieleze siasa za nyumbani. Mimi ni wa Bukoba, mwenzangu ni wa Moshi. Katika mambo ya kahawa, hiyo ni ndoa ya Simba na Yanga. Kwao hulimwa arabika, inayopenda mlima na baridi. Kwetu Kagera iliyotawala ni robusta, na nyingi huanikwa pamoja na ganda lake, ndiyo ile tunayoiita kahawa ya maganda. Kwa miaka 14 nimeambiwa kwamba ya kwetu ni chungu, ni ya kutengenezea kahawa ya kopo, haina harufu. Siku aliyokuja na washenga, mama yangu aliwapa akamwani, buni zilizochemshwa na majani ya viungo zikakaushwa, ambazo mgeni wa Kihaya huzitafuna taratibu. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Sikumwona akitafuna.

Sasa mwalimu akatuwekea visahani vitatu vya buni. Cha kwanza, vối, hiyo ni robusta. Cha pili akakiita "kahawa chai", kwa Kivietinamu cà phê chè, ndiyo arabika. Cha tatu ni cà phê mít, "kahawa fenesi", kwa sababu majani ya mti wake ni mapana kama ya mfenesi. Akasema zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya nchi yake ni hiyo ya kisahani cha kwanza, na kwamba hakuna nchi duniani inayoizidi Vietnam kwa robusta. Nikamtazama baba watoto. Yeye alikuwa akitazama dari.

Kahawa ililetwa Vietnam mwaka 1857 na wamisionari Wafaransa. Robusta ilifuata baadaye, na hiyo ni mwana wa misitu ya kwetu Afrika, kutoka magharibi na Kongo hadi ukanda wa Ziwa Victoria. Mwishoni mwa karne ya 19 kitalu kimoja cha Brussels kilianza kuuza miche iliyotoka Kongo kwa jina la robusta, Waholanzi wakaipeleka Java, ambako kutu ya majani ilikuwa imeangamiza arabika. Ikasambaa Asia. Lakini mlipuko wenyewe ulikuja baada ya mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986, yanayoitwa Đổi Mới, wakulima waliporuhusiwa kulima na kuuza kwa faida yao. Watu walihamia nyanda za juu karibu na Buôn Ma Thuột kwa makundi, msitu ukafyekwa (na hilo wanalilipia hadi leo), na katika miaka 15 hivi Vietnam ikawa ya pili duniani kwa kahawa yote, nyuma ya Brazil peke yake.

Tukaingia kazini. Chombo chao kinaitwa phin, hutamkwa "fin", na ukikiona dukani utadhani ni kikombe cha mtoto kilichotobolewa: bati jepesi lenye matundu chini, kisahani cha kukalia juu ya glasi, kibati cha ndani cha kukandamiza unga, na kifuniko. Hakina karatasi, hakitaki umeme. Unatia unga gramu 20 au zaidi kidogo, unatikisa ukae sawa, unaweka kibati. Maji yaliyotoka kuchemka unamimina kidogo kwanza, kiasi cha kulowesha tu, unasubiri nusu dakika unga uvimbe. Ndipo unajaza, unafunika, unangoja dakika kama tano.

Mume wangu, ambaye hata mlango wa gari huufunga kwa kuubembeleza, alikiweka kibati kikaelea. Kahawa yake ilishuka mbio, nyepesi, rangi ya chai ya rangi. Mimi nilikandamiza kama ninayeshindilia mahindi kwenye gunia. Yangu iligoma. Tone moja, kimya. Tukainama wote watatu kuitazama. Tone jingine, kimya kirefu. Mwalimu akasema kasi nzuri ni tone moja kwa kila sekunde hivi, akachukua kijiko, akakilegeza kibati changu kidogo sana, na kahawa ikaanza kudondoka nyeusi, nzito kama asali.

Chini ya glasi tayari kulikuwa na vidole viwili vya maziwa mazito ya kopo, yale matamu. Zamani maziwa mabichi yalikuwa adimu, na kwa joto lile hayakai, hivyo kopo likawa jibu, na leo hata wenye majokofu hawaliachi. Ukikoroga, kaskazini wanaiita nâu, yaani ya rangi ya udongo. Kusini wanapenda itajwe pamoja na barafu. Nikamweleza dada habari za kahawa chungu ya Kariakoo, birika la shaba, vikombe vinavyogongwa, na kashata pembeni. Akafikiri kidogo, akasema: "Basi ni kitu kimoja. Sukari yenu iko mkononi, yetu iko chini ya glasi."

Kahawa ya yai ndiyo iliyotutoa jasho. Iliundwa Hanoi mwaka 1946 na Nguyễn Văn Giảng, aliyekuwa akihudumu katika hoteli ya Metropole, wakati maziwa yalipoadimika. Duka la familia yake bado lipo mjini humo. Unachukua kiini tu, ute hautakiwi kabisa, unapiga pamoja na maziwa ya kopo mpaka povu lisimame na harufu ya yai ipotee. Kikombe hukaa ndani ya bakuli la maji moto, maana ikipoa harufu hurudi. Inaliwa kwa kijiko kwanza, kama kastadi, kisha uchungu unakufikia kwa chini. Bila ule uchungu ingekuwa pipi tu. Arabika ya shemeji zangu, kwa heshima zote, ingezama humo isionekane.

Tulimalizia na kahawa ya chumvi, iliyoanza mwaka 2010 katika mji wa Huế, kwenye duka la mke na mume. Krimu yenye chumvi kidogo juu ya kahawa nzito. Chumvi hupunguza uchungu ulimini, jambo ambalo niliamini baada ya kunywa, si kabla. Baba watoto alimaliza yake, akavuta yangu.

Kitu ambacho hatukukizingatia ni kwamba robusta ina kafeini karibu maradufu ya arabika, na sisi tulikuwa tumekunywa vikombe vinne kila mtu, jioni. Saa tisa usiku tulikuwa tumelala chali, macho makavu, tunahesabu pikipiki zinazopita barabarani.

"Mama watoto," akasema. "Zile buni za mama yako."

"Zipi?"

"Za siku ya posa. Zilikuwa na ladha gani?"

"Si ulipewa?"

Kimya. Pikipiki mbili zikapita.

"Nilizitia mfukoni."

"Najua," nikamwambia. "Suruali ile nilikuja kuifua mimi."